Dar hadi Mbeya kwa Boxer 150 mwezi wa Novemba: joto na uchovu nitavimudu vipi?

NjiapandaChalinze

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki ya pili ya Novemba natakiwa kufika Mbeya nikitokea Mbezi, Dar, kwa pikipiki ya Boxer BM150. Nyuma nitampakia mdogo wangu, kilo kama 60, na begi moja. Chombo kiko sawa: tairi mpya, cheni mpya, oili itabadilishwa kabla ya safari. Wasiwasi wangu ni mwili. Kipande cha Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni kinasifika kwa joto, na kila ninayemuuliza ananiambia watu wanasinzia humo humo bondeni kabla ya kuanza kupanda mlima wa Kitonga.

Naomba wazoefu wanisaidie. Niondoke saa ngapi na nilale wapi? Wengine wanasema Iringa kwa kuwa ndiyo katikati. Nivae koti zito kama bodaboda wanavyovaa, au shati la mikono mirefu linatosha? Maji kiasi gani, na vinywaji vya enaji vinasaidia au ni kelele tu? Na hii injini ya kupozwa na upepo, joto la huko haitaisumbua nikiwa na abiria?

Msinijibu "panda basi", tafadhali. Pikipiki inahitajika Mbeya.

---

Mzee wa Kitonga

Mkuu, anza na ratiba. Ukikosea saa ya kuingia bondeni hakuna koti wala maji yatakayokuokoa vizuri.

Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Boxer yenye abiria, ukiheshimu hamsini za vijijini, matuta na mapumziko, wastani wake wa kweli ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Piga hesabu: ni saa 14 au 15. Siku moja haitoshi, hilo umeshaliona mwenyewe. Lakini ushauri wa kulala Iringa ndio unaowapeleka watu kwenye shimo. Ukitoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, Morogoro (kilomita 195) unafika kama saa mbili na nusu, Mikumi mjini saa nne na nusu, na Ruaha Mbuyuni saa sita kamili. Yaani umejipangia mwenyewe kuingia bondeni jua likiwa utosini, ukiwa na saa saba za siti mgongoni. Ukila pale, unaanza Kitonga saa saba au saa nane, wakati ambao mwili wa binadamu unadai usingizi hata kwa mtu aliyekaa ofisini kwenye kiyoyozi. Hapo ndipo malori yanapopanda kwa mwendo wa konokono na wewe uko nyuma yake unavuta moshi.

Lala Mikumi. Ondoka Dar alfajiri kukianza kupambazuka, si usiku, kwa sababu malori yaliyoharibika na kuachwa barabarani bila taa ni mengi. Ukifika Mikumi mjini saa tano au tano na nusu, siku imekwisha. Umepita Hifadhi ya Mikumi mchana kweupe, na hilo ni jambo la maana: kipande cha barabara kinachokata hifadhi ni kilomita 50 hivi, kina matuta na mipaka ya mwendo, wanyama wanavuka wanapotaka, na kumgonga mmoja kuna faini yake mbali na majeraha yako. Tafuta gesti yenye feni, kunywa, lala mchana. Watu wataona umelala mapema mno. Waache.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi uko barabarani. Ruaha Mbuyuni unapita saa moja na nusu, Kitonga saa mbili na kitu, Iringa saa tatu na nusu. Hapo umeshapanda mpaka mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kilomita 330 zilizobaki mpaka Mbeya ni nyanda za juu, Mafinga, Makambako, hewa ya baridi. Siku ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa kilomita, lakini mwilini ni nyepesi. Usigawe safari kwa kilomita, igawe kwa joto.

Jambo la pili: tangi la Boxer linaenda zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo mafuta hayatakulazimisha kusimama. Wenye magari makubwa wanasimama kwa sababu ya mizani na kituo cha mafuta. Wewe huna cha kukusimamisha isipokuwa saa yako. Kwenye joto simama kila baada ya saa moja, dakika 10 hadi 15, pikipiki umeizima, helmeti umeivua, koti umelifungua, uko kivulini na unatembea. Kusimama juani ukipiga soga huku helmeti imening'inia kwenye kiwiko si kupumzika. Na mbuyu usikudanganye: kabla ya mvua hauna majani, kivuli chake ni cha shina na matawi tu. Tafuta mwembe, au baraza la mama lishe.

---

Nesi wa Zamu

Kaka, nakuongezea upande wa mwili.

Jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi, ni nyingi sana. Shida ya pikipiki ni kwamba upepo unalikausha kabla hujaliona. Aliye kwenye basi bila kiyoyozi anaona shati limelowa chapachapa, anakunywa. Wewe unafika shati kavu, mabaka meupe ya chumvi mgongoni, unadhani hukutoka jasho, kumbe umepungukiwa maji kuliko yeye. Kwa hiyo usisubiri kiu.

Kipimo cha joto kali ni mililita 200 hadi 250 kila dakika 20. Yaani chupa ya nusu lita ikuishie kwenye dakika 40. Ukiwa na mfuko wa maji wa mgongoni wenye mrija ni rahisi zaidi, maana unanyonya bila kusimama. Usipokuwa nao, kunywa nusu lita kwenye kila kituo cha Mzee wa Kitonga na mafunda mawili matatu ukisimama kwenye foleni au kizuizi cha ukaguzi. Mwisho usivuke lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno yanazimua chumvi ya damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, sawasawa na za joto. Mtu anadhani hajanywa vya kutosha, anazidi kunywa, hali inazidi kuwa mbaya.

Chumvi sasa. Pakiti moja ya kawaida ya ORS (unga wa chumvi na sukari) inaingia kwenye lita moja kamili ya maji. Usiigawe nusu kwa macho, wala usiimwage kwenye chupa ya nusu lita ili "iwe kali". Ikiwa nzito kupita kiasi inakuharisha na kukukausha zaidi. Lita moja ya ORS kwa siku ya joto, ukiinywa polepole katikati ya maji ya kawaida, inamtosha mtu mzima anayekula. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha na si vya mlima. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo na jasho linaondoka na sodiamu hasa. Kunywa dafu lako na utafune karanga za chumvi. Mwenye presha au ugonjwa wa figo aulize anakotibiwa kabla ya kuanza kunywa ORS kama soda.

Maji yaanze kabla ya safari: nusu lita saa moja au mbili kabla ya kuwasha. Bia za kuagana usiku wa kuamkia safari utazilipia saa nne asubuhi. Angalia mkojo, ukiwa wa manjano hafifu uko vizuri, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa, na ikipita saa nne au tano bila haja ndogo, simama unywe kwanza. Tahadhari moja: baadhi ya enaji zina vitamini B2 inayofanya mkojo uwe wa manjano ya kung'aa, kwa hiyo ukizinywa kipimo hiki kinakudanganya.

Dawa. Piriton, na dawa nyingi za mafua zenye kemikali ya aina hiyo, zinaleta usingizi na pia zinapunguza jasho. Mabaya mawili katika kidonge kimoja. Usinywe asubuhi ya safari wala usiku wa kuamkia safari. Wanaotumia dawa za presha zinazokojoza wasiache wenyewe, waulize.

Dalili za kusimama mara moja ni kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya paja au tumbo kukaza, ngozi ya baridi yenye majimaji. Kivulini, vua, lala miguu juu kidogo, kunywa ORS, usipande pikipiki tena siku hiyo kama kichwa hakijatulia. Lakini ukimwona mwenzako anaongea ovyo, anayumba, hajui yuko wapi, anatapika au amezimia, hicho ni kiharusi cha joto na ni suala la dakika. Anaweza kuwa mkavu au bado anatoka jasho, usitegemee hilo. Mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, maji shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani, mfululizo, huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Panadol haishushi joto la aina hii, usipoteze muda nayo.

---

DadaPikipiki

Nesi amemaliza ya ndani, mimi nije na ya juu ya ngozi. Na Mzee wa Kitonga sipingani na ratiba yako, ila kusema koti halitaokoa mtu ni kulidharau.

Koti zito la bodaboda lile la kuvaa mbele na kufunga mgongoni linavaliwa kwa hofu ya upepo kuingia kifuani na kuleta nimonia. Nimonia inaletwa na vimelea, haiingii kwa upepo wa barabarani. Kwenye joto la bonde koti lile ni blanketi. Shati tupu nalo si jibu. Ngozi yako ina nyuzi joto 33 hadi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unakupoza. Hewa ikivuka hapo, na Novemba kule bondeni inaweza kuvuka mchana, upepo haupozi tena ngozi kavu bali unaipashia joto, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyopashwa. Mtu anafungua vifungo vyote akitafuta ubaridi, kumbe anajianika. Ukiona upepo unaunguza uso kama mtu amefunua sufuria, funga, usifungue.

Kinachofanya kazi ni koti la wavu lenye vipande vya kinga mabegani na kwenye viwiko, rangi ya kijivu au ya kung'aa, na chini yake fulana ya pamba iliyolowa. Ilowanishe kwenye kituo, ikamue mpaka iache kudondoka, vaa, funga koti, acha uwazi mdogo tu shingoni na mikononi ili hewa ipite polepole. Ukiacha wazi kabisa inakauka ndani ya dakika kumi. Ukiziba, unapata dakika 30 hadi 45 za kujisikia mtu. Kitambaa cha shingo kilowanishe pia, ila ncha zake uzichomeke ndani ya koti, kisipepee kwenye kioo cha helmeti.

Mambo mawili kuhusu hiyo fulana. Pwani, kuanzia Dar mpaka kama Chalinze, hewa ina unyevunyevu mwingi, kwa hiyo fulana iliyolowa inabaki imelowa na inakuchubua bila kupoza sana. Itunze kwa ajili ya mbele ya Morogoro ambako hewa ni kavu. La pili ni kubwa zaidi: ivue chini ya Kitonga. Ukipanda nayo mpaka Iringa na Mafinga, ile ile iliyokuokoa bondeni itakutetemesha, na mtu anayetetemeka vidole haviwahi breki. Weka fulana kavu na koti la upepo juu kabisa ya begi, siyo chini.

Helmeti nyeupe inapata joto kidogo kuliko nyeusi. Kioo kishushe, macho yakikaushwa na upepo yanachoka na kope zinakuwa nzito, halafu unadhani ni usingizi. Miwani ya jua iwe ya kuvua kirahisi. Masikioni tia viziba vya sponji, vinauzwa famasi na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kelele za upepo ndani ya helmeti zinachosha kuliko watu wanavyodhani, na honi ya basi bado utaisikia.

Mdogo wako sasa. Abiria hana kazi ya kufanya, kwa hiyo yeye ndiye anayesinzia kwanza. Ukihisi helmeti yake inagonga yako mara ya pili, simama. Usimfunge na kanga kiunoni mwako kama wanavyofanya wengine, mkianguka mnaanguka kama furushi. Kama ni wa kike, mtandio na gauni refu vifungwe mbali na cheni na gurudumu la nyuma. Na maji anywe sawa na wewe, asikatazwe kwa hofu ya kusimama haja ndogo.

---

FundiSpana

Injini.

Boxer inapozwa na upepo na oili, haina rejeta. Barabara tambarare kwa kilomita 60 au 70 kwa saa, hata kukiwa na joto, inajipoza yenyewe. Hatari ni mwendo mdogo wenye mzigo mkubwa, na hapo ndipo Kitonga inapoingia: gia ndogo, watu wawili, lori mbele, upepo hakuna. Ratiba ya asubuhi aliyotoa Mzee inaisaidia injini kama inavyokusaidia wewe.

Oili weka 20W-50 ya pikipiki, kwenye kopo iwe imeandikwa JASO MA au MA2. Ya gari usiweke hata kama ni ya bei mbaya, kwa sababu klachi ya Boxer inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari zina viungo vya kuteleza vinavyofanya sahani za klachi zisishike. Klachi inayoteleza mlimani inazalisha joto, joto linaiunguza, imeisha. Kipimo cha oili kiangalie kila asubuhi injini ikiwa ya baridi, pikipiki imesimama wima kwenye stendi ya kati. Injini ya 150 iliyotembea sana inakunywa oili kwenye safari ndefu, beba nusu lita.

Uhuru wa mkono wa klachi ucheki. Usipokuwepo kabisa, sahani zinakuwa nusu wazi muda wote. Milimita chache za mchezo kwenye ncha ya mkono zinatosha, kitabu kinasema ngapi kwa modeli yako.

Kabla ya kupanda, simama chini dakika kumi. Mlimani shika gia ambayo injini inavuta bila kulalamika. Kung'ang'ania gia ya nne ili "isilie" ndiko kunakogonga pistoni. Usiikalie nusu klachi nyuma ya lori. Acha nafasi, lori litangulie, kisha panda kwa mkupuo. Dalili za kuzidiwa na joto ni nguvu kupungua, mlio kama kokoto ndani ya chuma ukivuta mafuta, nyutro kukataa kuingia, harufu ya oili iliyoungua. Ukiona moja kati ya hizo, egesha, zima, subiri ipoe yenyewe. Usiimwagie maji. Silinda ya moto ikipigwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka mapezi.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kiwango cha kibandiko au kitabu cha watu wawili. Mchana utaukuta umepanda kwa sababu ya joto. Usiupunguze, ukipunguza, jioni tairi ikipoa itakuwa chini ya kiwango, na tairi laini yenye mzigo inajipasha moto zaidi mpaka inapasuka. Watu wanafanya hili kila siku.

Kwenye uchovu fundi naye ana neno. Mtetemo wa silinda moja unatia mikono ganzi. Kaza boliti za kushikilia injini, weka raba nene za mikononi, ziba ncha za usukani kwa vyuma vizito vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Zungusha mkono wa breki na wa klachi chini kidogo mpaka kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Usishike kama unaning'inia, viwiko vilegee. Siti: sponji ya Boxer ikizeeka unakalia chuma. Mtu wa siti akuongezee sponji ngumu juu ya ile ya zamani, ngumu nasema, laini inazama ndani ya nusu saa. Begi lisikae mgongoni mwako. Lifunge kwenye keria, zito chini, na mpira wa kufungia ukague kila kituo.

---

NjiapandaChalinze

Nashukuru sana, sikutegemea yote haya. Mikumi basi, nimekubali. Fundi, kibandiko cha upepo kwangu kimeshabanduka, nitatafuta kitabu.

Bado enaji hamjanijibu. Na usingizi ukija kweli nikiwa bondeni, mbali na kijiji, nafanya nini? Kuna anayenishauri mirungi.

---

Mzee wa Kitonga

Mirungi kwanza ni kosa la jinai Tanzania, na pili haiondoi uchovu, inauficha. Ikiisha nguvu, uchovu wote unakuangukia kwa pamoja. Achana nayo.

Enaji ya kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari nyingi. Inasaidia, lakini inachukua dakika 20 hadi 30 kuanza kazi. Kosa la watu ni kuinywa huku wanaendesha, wakasinzia kabla haijafika. Itumie hivi: simama mahali salama nje ya barabara, inywe yote au kunywa kahawa, halafu lala papo hapo dakika 15 hadi 20, simu ikiwa na kengele. Ukiamka kafeini inaingia. Usivuke nusu saa, ukizama kwenye usingizi mzito utaamka mlevi kuliko ulivyolala. Ukishaamka jipe dakika kumi za kutembea na kunawa uso kabla ya kuwasha. Moja asubuhi, moja mchana, basi; ya jioni itakunyima usingizi wa gesti ambao ndio dawa yenyewe.

Usingizi hauanzi kwenye macho. Unaanzia kwenye mambo madogo: unachelewa kupunguza kwenye tuta, mwendo unapanda na kushuka bila sababu, gia umesahau kubadilisha, unamkasirikia dereva wa lori ambaye hajakukosea, pikipiki inasogea kwenye mstari wa pembeni. Jiulize kijiji ulichopita mwisho kinaitwaje. Ukikosa jibu, umeshachelewa, simama kwenye nafasi ya kwanza iliyo salama. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, na kope zikifunga sekunde nne tu umeshapita mita karibu 90 bila dereva. Kuimba, kufungua kioo, kujipiga mapaja vinakupa dakika chache za kufika mahali pa kusimama, havikupi zaidi.

Chakula nacho. Ugali wa kushiba na nyama saa sita ni usingizi uliopikwa. Asubuhi kunywa chai na mayai mawili ya kuchemsha na ndizi, njiani karanga, chungwa, muhogo wa kuchemsha kidogo kidogo. Sahani nzima kula ukishafika gesti.

Na usiku wa kuamkia safari lala. Anayeamka saa tisa usiku kufunga mizigo, ikifika saa mbili usiku ametimiza saa 17 macho, na imepimwa kwamba mtu wa hivyo anachelewa kuitikia kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Begi lifungwe mchana wa jana yake.

---

DadaPikipiki

Mkuu Mzee, nyongeza moja hapo: bondeni asisimame kichakani peke yake kwa ajili ya kulala. Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wako barabarani mchana kutwa, asimame kwenye vibanda vyao, aombe kivuli, anunue fungu moja. Pikipiki ifungwe usukani na funguo ziwe mfukoni mwa mdogo wake, ambaye kwa zamu hiyo atakaa macho.

---

NjiapandaChalinze

Sawa dada. La mwisho kwa Fundi: nikirudi siku nyingine, kushuka Kitonga na abiria kuna la kuangalia?

---

FundiSpana

Breki ya nyuma ya Boxer ni ya viatu. Ukiikanyaga mfululizo kutoka juu mpaka chini inapata moto, inalegea, mguu unafika mwisho pikipiki haisimami. Ingia mteremkoni ukiwa umeshashusha gia, ya pili au ya tatu, acha injini ishike mwendo, breki zote mbili ziguse kwa vipindi vifupi na kuachia. Usizime injini wala kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha kwenye kituo cha pembeni dakika 15, na maji usiimwagie hiyo pia. Kabla ya safari fungua gurudumu la nyuma uangalie unene wa viatu. Vikiwa vimekaribia alama ya mwisho badilisha Mbeya, usisubiri Dar.